Siku Shule Ilipokuja Mangweni

Juzi nilikwenda kwenye mkutano wa wazazi, shule anayosoma mjukuu wangu, na jambo lililowagombanisha watu lilikuwa pombe. Shule inataka kuchangisha pesa za basi. Wazazi vijana wakasema iombwe ruhusa ya kuuza bia siku ya mchango, watu wachangamke watoe. Walimu wakakataa katakata. Baba mmoja aliyevaa kofia nzuri ya kushona akasimama akasema tangu dunia iumbwe, hapa pwani shule na pombe hazijapata kukaa pamoja. Nikacheka peke yangu, tena kwa sauti, hata jirani yangu akanigeukia. Nikatoka nje nikaenda kusimama kwenye bomba, nikajifanya nanawa mikono. Nilikuwa namlilia mama yangu.

Mama yangu alikuwa na mangwe. Kama wewe si wa kwetu, mangwe ni mahali mnazi, yaani tembo, unapouzwa na kunywewa: banda la makuti, magogo ya kukalia, mtungi kivulini na kata ya kupimia. Nikisema hivyo watu wa mjini hunitazama mara mbili, kisha hushusha sauti, utadhani nimewaambia mama alikuwa na ugonjwa wa aibu. Ebo! Mangwe ya mama yangu ilikuwa na adabu kuliko baraza nyingi za wanaojiita waungwana. Uliingia ukiamkia, na usipoamkia hupimiwi. Ukitukana, kata yako inamwagwa chini na unaonyeshwa njia, hata uwe na mvi mpaka kwenye nyusi. Kwenye nguzo palitundikwa picha ya Rais, maana miaka ile ilikuwa lazima, na chini yake kibali cha kuuza mnazi, kimevishwa nailoni kisiloe. Pombe nyingine za kienyeji zilikuwa zimepigwa marufuku. Mnazi wetu ulivumiliwa kwa ajili ya karatasi ile tu. Mama alikuwa akikipangusa kila asubuhi kabla hajashika ufagio.

Tulikaa upande wa Magarini, ndani kidogo ukitoka barabara ya Malindi. Baba alikufa nikiwa mdogo sana, hata sura yake siikumbuki. Minazi aliyotuachia iligemwa na mjomba, kaka yake mama, na mama hakumsifu mjomba hata siku moja, mbele yake wala nyuma yake. "Methali si mnaijua?" alikuwa akisema. "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi simsifu, na mnazi wangu hauna maji." Mjomba alicheka tu, akafunga kamba yake kiunoni akaenda zake minazini.

Mimi sikuruhusiwa kugusa kata. "Mkono wako ni wa kalamu," aliniambia, na nikisogea karibu na mtungi alinifukuza kama kuku. Nyumba yetu ya udongo ilikuwa nyuma ya banda. Jioni nilikaa mlangoni nikisoma kwa sauti kitabu chochote nilichotoka nacho shule, naye kule bandani akinisikiliza huku anapimia watu. Nikinyamaza anaita, "Wee! Mbona kimya? Umelala?" Wateja walilalamika kwamba hapa mtu hanywi mnazi mpaka anyweshwe na hadithi za sungura. Hakujali. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, na sijapata kuwa na jioni tamu kuliko zile. Nasema hivi na mimi nimeolewa, nimezaa, nimejenga.

Ndipo ukaja mfumo mpya wa masomo. Darasa la saba halikuwa mwisho tena. Sasa kulikuwa na darasa la nane, na shule ambayo haikuwa na chumba cha darasa hilo, watoto wake wangehamishwa kwenda kumalizia kwingine. Shule yetu ilikuwa na vyumba saba, na baadhi yake vya udongo. Mimi nilikuwa darasa la saba. Dada yake marehemu baba, shangazi yangu wa Malindi mjini, alishatuma maneno: niletwe kwake, nitasoma, na nikitoka shule nitamsaidia na watoto wake wadogo. Alikuwa mtu mwema, simsemi vibaya. Lakini sote tulijua wasichana waliopelekwa mjini namna ile. Walikuja likizo moja, mbili, halafu walikuja wakati wa matanga tu.

Mama aliposikia habari hiyo chakula kilimshinda. Nilimsikia akimwambia nyanya yangu, mama yake mzazi, ambaye sisi tulimwita Hawe: "Wenye watoto kumi wanaweza kugawa. Mimi ninaye huyu mmoja. Nikimtoa, nabaki na mtungi." Hawe akamwambia mtoto wa kike ni mgeni tu nyumbani, iko siku ataondoka. Mama akajibu, "Aondoke na mumewe. Asiondoke na mkoba wa shule."

Basi ikaitwa kamati ya wazazi ili chumba cha darasa la nane kijengwe. Walikaa kwenye veranda ya shule, na sisi wanafunzi tukajazana kwenye madirisha tukisikiliza, maana madirisha yenyewe hayakuwa na mbao. Wote walikubali pafanyike harambee. Hapo hakuna aliyebisha. Ubishi ulianza mwenyekiti wa wazazi, mzee mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alipouliza, "Na mnazi?"

Lazima nieleze. Kwetu jambo zito haliongelewi kinywa kikavu. Ukienda kuposa, ukigombana na jirani, ukiomba shamba la kulima, unatanguliza kadzama, yaani mtungi wa mnazi wa wazee. Wananywa kwanza, ndipo neno linafunguliwa. Neno lisilo na kadzama husikiwa kwa adabu, kisha huachwa pale pale liliposemwa. Shule ya jirani walikuwa wamefanya harambee yao ya soda. Wazee wakaja, wakapiga makofi, wakatoa maembe. Maembe! Msimu wa maembe! Mwenyekiti alikumbusha jambo hilo na watu wakacheka kwa uchungu.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa kanisa, mpole, mzaliwa wa huko Kilifi, na mnazi hakuwahi kuuonja, au ndivyo alivyosema. Alikubali kwenda na mwenyekiti kwa afisa wa tarafa kuomba ruhusa mnazi uuzwe shuleni siku ile moja tu. Bwana tarafa akawarudisha mikono mitupu. Aliwaambia kibali cha mnazi ni cha mahali, si cha shughuli. Mnazi unauzwa kwenye mangwe iliyoandikwa, na shule si mangwe. "Nikitia sahihi pombe iuzwe shuleni," alisema, "kesho mtanikuta sokoni nauza mihogo."

Kamati ikakaa tena, nyuso zimewashuka. Ndipo mama yangu akasimama. Kina mama hawakuzoea kusema mbele ya wazee. Alijifunga leso vizuri, akaamkia kwa heshima zote, kisha akasema: "Bwana tarafa amesema kweli. Kibali ni cha mahali. Na mahali penyewe ni pale." Akapaonyesha kwa kidevu. "Kati ya shule na mangwe yangu kuna nini? Kuna uwanja wa mpira, na mwisho wa uwanja kuna ua wangu wa minyaa. Ung'oeni. Shule ije kwangu. Mzee atakunywa akiwa mangweni, mkono wake utatoa ukiwa shuleni."

Vikapasuka vicheko, hata mwalimu mkuu akauma midomo. Alisema, "Lakini mama, ua ule ndio mpaka wa shule."

"Mwalimu," mama akamjibu, "ua ule tuliupanda mimi na marehemu, kijiti kwa kijiti. Aliyeupanda ndiye anayekwambia ung'olewe."

Bwana tarafa alipopelekewa habari hiyo alicheka mpaka akavua miwani. Alisema yeye akija siku hiyo, akakuta hakuna ua, macho yake hayatajua shule inaishia wapi. Zaidi ya hapo hakusema neno, na watu wakaridhika. Huyo bwana tarafa alikuwa mtu wa watu.

Minyaa si mti wa mchezo. Utomvu wake mweupe ukikuingia jichoni utalia mpaka kesho. Vijana wa kijiji walikuja wamejifunga vitambaa usoni, lakini mama hakuwaachia waanze. Alikamata panga akasimama mbele ya ua, akakata shina la kwanza mwenyewe. Jioni ile, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, niliona madarasa ya shule nikiwa nimekaa mlangoni kwetu. Nilifurahi kama mjinga.

Siku ya harambee, lo, siku ile! Mama alivaa leso mpya, akanipaka mafuta mpaka nikang'aa magoti. Asubuhi alichukua majivu ya jikoni akachora mstari pale palipokuwa na ua, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akatangaza kwamba mtoto haruki mstari kuja huku, na kata hairuki mstari kwenda kule. Bwana tarafa alipofika kiti chake kilikuwa kimewekwa juu ya mstari wenyewe, miguu ya mbele shuleni, miguu ya nyuma mangweni. Akakitazama, akamtazama mwenyekiti, akaketi.

Mzee mkubwa kuliko wote alimwaga mnazi kidogo chini, akawataja waliotutangulia, na kadzama ikazunguka. Baada ya hapo mambo yakafunguka yenyewe. Ngoma za kina mama, jogoo wa kunadiwa, mikungu ya ndizi, ahadi juu ya ahadi. Mzee mmoja alisahau, akavuka mstari na kata yake mkononi ili akamtunze mjukuu wake aliyekuwa akiimba. Mama akapaza sauti kutoka mtungini: "Mzee wangu! Rudisha mguu!" Akaurudisha haraka kama aliyekanyaga kaa la moto, na uwanja mzima ukaangua kicheko, na bwana tarafa naye. Mimi nilighani shairi lililotungwa na mwalimu wetu. Nilipomaliza nikamwona mama amesimama ukingoni mwa mstari, vidole vya miguu vikiugusa, analia na hajifichi.

Wasiokuwa na pesa walileta mawe ya kuchonga. Yalikuja kwa mikokoteni ya punda, yakaja kwa vichwa vya kina mama, na yote yakatuliwa pale pale penye watu, karibu na mstari wa majivu, kwa sababu nani atabeba jiwe mpaka ng'ambo ya uwanja na huku kuna mnazi? Siku ya pili yake palikuwa na chungu ya mawe mpaka kifuani. Fundi akaja, akauliza chumba kinakaa wapi. Mwalimu mkuu akaonyesha kule kwenye madarasa mengine. Fundi akayatazama mawe, akautazama uwanja, akasema basi atafutwe wa kuyahamisha. Hakupatikana. Mwenyekiti akaja kumuuliza mama: chumba kikijengwa hapa yalipo mawe, ataona vibaya?

"Nione vibaya?" mama akasema. "Hapo hapo! Nitakuwa namsikia mwanangu akisoma."

Hakuna aliyetia neno la tahadhari. Si mjomba, si mwalimu aliyesoma, si mwenyekiti mwenye mvi zake. Hata mimi leo nikikumbuka, sina wa kumlaumu, na hiyo ndiyo inayoniuma. Ukiwa na wa kumlaumu unapumua.

Januari tukaingia darasa la nane. Dirisha moja lilitazama mangwe kabisa, ningeweza kurusha kokwa ya embe ikaangukia mtungini. Mwalimu akiniambia nisome, nilisoma kwa sauti kubwa hata wenzangu wakanicheka. Mama hakuniita tena kuuliza kwa nini niko kimya. Wazee nao wakawa wanafunzi. Mwalimu akiuliza hesabu ya kichwa, jibu linakuja kutoka mangweni kwa sauti ya kilevi, tena si jibu lenyewe. Mwalimu anatoa kichwa dirishani: "Wazee wangu, tafadhali." "Samahani mwalimu! Tutarudia!" Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Na mimi nilipotoka, hatua chache niko nyumbani, naye ameshanitilia uji. Ningeambiwa leo nichague wiki chache za maisha yangu nizirudie, nisingefikiri mara mbili.

Wakati huo kibali kilikuwa kimekwisha muda wake, na kila mwanzo wa mwaka afisa alikuja kutazama banda kabla ya kukitia sahihi upya. Yule bwana tarafa wa kiti cha mstarini alikuwa amehamishwa. Aliyekuja alikuwa mwingine, kijana, viatu vyake vimepigwa rangi. Mama alimwekea kiti, akamkatia dafu. Darasani kwetu tulikuwa tunaimba jedwali la kuzidisha. Bwana yule hakuketi. Alisimama na dafu mkononi akisikiliza.

"Watoto hao wako wapi?" akauliza.

"Hapo, bwana mkubwa. Darasa la nane," mama akasema, na najua alisema kwa majivuno, kwa sababu mjomba alikuwapo na ndiye aliyenisimulia. "Na wangu yumo."

"Mama, mangwe hii imo ndani ya shule."

Mama akadhani ni utani, akacheka. "Si mangwe iliyoingia shuleni, bwana mkubwa. Shule ndiyo iliyokuja mangweni."

"Sheria haiulizi nani alimfuata nani," akasema. Akaweka dafu chini bila kulinywa, akanyoosha mkono kwenye nguzo, akakitoa kibali na nailoni yake.

Hata hivyo hakuwa mtu mbaya wa moyo, nataka nimtendee haki. Kabla ya kuondoka aliwaambia wazee wa kamati waende ofisini kwake wamweleze mambo yalivyokuwa, pengine lingetafutwa jambo la kufanya. Wazee wakashika njia wiki ile ile. Na kwa kuwa lilikuwa jambo zito, kuliko yote waliyopata kwenda kuyasema mbele ya mkubwa, walifanya walivyofundishwa na baba zao: walitanguliza kadzama. Walibeba mtungi wa mnazi, umefunikwa vizuri kwa jani la mgomba, wakautua katikati ya ofisi ya serikali. Wakakaa kimya wakimngoja anywe kwanza.

Ya Rabi! Mnazi usiokuwa na kibali, umechukuliwa barabarani mchana kweupe, kupelekewa afisa ambaye wanamwomba kibali. Yule kijana alidhani anahongwa, tena mbele ya karani wake. Alisimama akapiga meza. Nusura awatie ndani wote. Wazee wakarudi na mtungi wao, na njiani hawakuthubutu hata kuunywa. Mlango uliokuwa umeachwa wazi kidogo ukafungwa kabisa. Mpaka leo nikiisimulia habari hii nacheka. Halafu nakumbuka ilitugharimu nini, kicheko kinaniishia mdomoni.

Mwalimu mkuu alikuja kumpa mama pole. Alisema Mungu ana njia zake. Mama akamwitikia kwa adabu. Mimi nilikuwa na umri wa kukaa kimya, la sivyo ningemwambia njia za Mungu zingeweza kupita upande wa pili wa uwanja.

Mama alijaribu. Alikaanga mihogo, lakini nani atatoka kwake aje mpaka kwetu kwa muhogo? Alipika mahamri, tukayala wenyewe. Mnazi wa minazi yetu mjomba akawa anampelekea mtu mwingine mbali, kwa bei ya kukatisha tamaa. Kisha maneno yakaja kutoka mjini Mtwapa, mbali na kwetu: mwanamke mmoja mwenye banda kubwa lenye kibali alitaka mtu anayejua mnazi na asiyeibia wateja. Mama alilikalia jambo hilo siku kadhaa. Mwishowe akaniambia anakwenda kidogo tu.

"Twende wote," nikamwambia.

"Mtwapa si mahali pa msichana wa darasa la nane. Utakaa na Hawe."

"Basi nipeleke Malindi kwa shangazi!"

Hapo akanikemea, na hakuwa mtu wa kunikemea. "Shule yako iko hapa! Nimeing'olea ua, nimeing'olea kibali. Utaisoma hapa hapa." Kisha akanivuta kifuani akanikumbatia kwa nguvu mpaka nikakosa pumzi. Alinukia moshi wa kuni na mnazi uliokwisha kuwa mkali, harufu ambayo watu wanaizibia pua, na mimi ningetoa chochote niinuse mara moja tena.

Akaenda. Hawe akahamia kwetu, na banda likabaki na magogo matupu. Darasani pakawa kimya, hakuna wa kujibu hesabu kutoka nje. Mwalimu akiniambia nisome, nilisoma kwa sauti ndogo, naye akanisifu kwamba sasa nimekuwa msichana mwenye haya.

Mama alikuja mwisho wa mwezi. Mara ya kwanza nilikuwa ndani nachambua mchele, nikasikia mtu anabisha hodi. Nikaitikia, "Karibu, karibu ndani," kwa ile sauti ya kumkaribisha mtu usiyemjua. Alikuwa yeye. Amebisha hodi, nyumbani kwake. Tuliangaliana, akacheka, akasema huko Mtwapa mtu anabisha hodi mpaka kwenye chumba anacholipia, ndiyo mazoea. Nami nikacheka. Lakini sote wawili tulikuwa tumesikia. Alikuwa amekonda, anazungumza harakaharaka, na nywele zake zilinuka sigara za watu wengine. Alitazama madaftari yangu, ukurasa baada ya ukurasa. Nilitaka kumsomea, na sikujua nianze vipi.

Kidogo chake kikawa miaka. Nilifaulu, nikaenda shule ya sekondari ya bweni, nikaajiriwa, nikaolewa, naye yuko Mtwapa. Aliporudi kukaa kwetu moja kwa moja mimi nilikuwa na nyumba yangu na mume wangu. Hatukulala tena chini ya paa moja, mimi na yeye, ila kwa kutembeleana, mpaka tulipomzika. Mjini shangazi alikuwa akiniambia, "Mama yako alifanya vizuri kukuzuia usije." Ningekwenda kwake Malindi, kila likizo ningekuwa na mama wa kurudia, yuko mlangoni pake, mtungi wake kivulini. Yeye alitaka nisiondoke. Na kweli sikuondoka.

Namkumbuka kwa mengi, lakini anayenijia zaidi ni yule wa Jumatatu moja, mwaka ule ule wa darasa la nane. Alikuwa amekuja Jumamosi, na asubuhi ile tuliagana nyumbani kabla sijaingia darasani, maana alisema ataondoka baadaye, jua likishapanda. Mwalimu alikuwa ameanza kutusomea. Nikatupa jicho dirishani nikamwona anapita, amejitwika mkoba wake, anaelekea barabarani. Viatu vyake alikuwa amevivua, amevishika mkononi. Alikuwa anatembea kwa ncha za vidole ili asinisumbue masomo, na hakugeuza uso kutazama darasani, hata kidogo.

Nikasimama.

"Wewe, unakwenda wapi?" mwalimu akauliza.

"Mama anaondoka, mwalimu."

Mwalimu alitazama nje, akamwona. Aliongea kwa upole, si kwa ukali. "Keti, mwanangu. Mama yako ndiye aliyetaka usome hapa."

Nikaketi. Nikafungua ukurasa waliokuwa wakiusoma wenzangu, na nilipotazama tena nje alikuwa ameshafika barabarani, ameinama, anavaa viatu.